Chupa Namba Tatu

3 Februari

Mwanangu Profesa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na kwamba huko wanakulisha, maana kwenye picha uliyotuma shingo ilikuwa imebaki kama njiti ndani ya kola. Mimi sijambo kwa kiasi changu. Karakana inakwenda. Mashine kumi na nne, zinazofanya kazi kumi na mbili. Wiki hii tumetoa sare mia mbili na sitini za wauguzi na makoti tisini ya walinzi, na hakuna hata moja iliyovuka mlango kabla ya kupita chini ya futi yangu. Baba yako angekuwa hai angesema kaanza dada kujisifu. Angesema tu. Nilianza na cherehani moja ya kuazima, chini ya ngazi za watu, na leo wafanyakazi wananiita Mama Futi hata nikiwepo.

Binamu yako Vikombe anakusalimu. Jina lake bado analitendea haki: mwezi huu kavunja vikombe viwili na bilauri. Miaka thelathini na moja, baba wa mtoto. Au tuseme anayeitwa baba wa mtoto, na hapo ndipo penye barua yangu.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kuta za nyumba hii ni mbao, simu yangu inasikika mpaka jikoni, na jikoni ndiko aliko huyo ninayetaka kumsema.

Bwana Mdogo, mjukuu, atatimiza miaka mitatu baada ya miezi miwili. Alianza kutembea akiwa na miezi ishirini na sita. Mikono yake inaruka yenyewe kama ya mtu aliyeguswa na umeme, miguu inapishana, anaanguka akiwa hata hajasukumwa. Hospitali wamesema tezi ya shingo yake haifanyi kazi sawasawa, wakampa vidonge. Nikamuuliza daktari, shingo na miguu vinajuana wapi? Akasema wataendelea kumchunguza. Asiyejua husema hivyo.

Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo. Nimehesabu vizazi vitatu, watu kumi na tisa. Kwa kina mkwe nimeulizia pia, kimyakimya, maana nina wateja kila mahali: wazima wote. Sasa nguo ikitoka na kasoro, mimi narudi kwa aliyeikata.

Nina fundi wa mashine hapa. Mikono yake hutetemeka, hasa Jumatatu, na sote tunajua Jumapili yake anaipitishia wapi. Mkwe kabla ya kuolewa alikaa miaka miwili kwenye mashine ya vifungo. Nimefungua daftari la matengenezo. Mwaka wake wa mwisho, mashine ya vifungo ilimhitaji fundi mara thelathini na moja. Mwaka uliofuata, yeye keshaondoka, mara sita. Na mtoto alizaliwa miezi minane na siku kumi baada ya ndoa. Hesabu haina urafiki na mtu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine: nywele za mtoto na mswaki wa zamani wa Vikombe. Ninyi mnazo mashine za kumjua baba. Nikipata jibu ninalolitazamia, mama na mtoto watarudi kwao, na mwanangu ataanza upya angali kijana.

Usimwambie mtu.

Shangazi yako,
Mama Futi


26 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua ilinifikia Ijumaa, nikaisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Chakula nakula, ile picha kola ndiyo kubwa, shati ni la kuazima. Chumba ninachofanyia kazi kina majokofu saba, na sasa nimekuelewa kwa nini huvui sweta mwaka mzima. Mkuu wa maabara ni mama mmoja mkali, anapima kila kitu mara mbili. Mngepatana.

Nakurudishia ile bahasha ya ndani. Sikuifungua. Usinikasirikie kwanza. Vikombe na mkewe hawajui kwamba umechukua vitu vyao, na mimi siruhusiwi kupima mtu asiyejua anapimwa. Hata ningeruhusiwa nisingefanya. Fikiria mtu angechomoa nywele kwenye kitana chako akazituma mbali. Ungevunja mlango wake.

Lakini kuna jambo limenifanya niisome barua mara tatu. Kazi yetu hapa ni hiyohiyo: tunachunguza tezi ya shingo inajuaje kwamba ni tezi ya shingo, isijifanye ini au ngozi. Kwa hiyo nina maswali. Je, Bwana Mdogo anasumbuliwa na kifua? Akilala, mikono hutulia? Akitazamwa na watu, kuruka kwa mikono huzidi au hupungua?

Na swali la nne, shangazi. Mikono yako wewe inaendeleaje?

Naomba usimwondoe mtu yeyote nyumbani kabla hatujamaliza kuandikiana.

Mtoto wa kaka yako


17 Machi

Profesa,

Salamu. Hatujambo. Mvua imepitia dirisha la stoo, vitambaa mita arobaini vimelowa, vimekauka, vimebaki na mstari. Nitavikatia mifuko ya ndani, hakuna atakayeona. Vikombe amejigonga kidole na nyundo. Alikuwa anaturekebishia kiti.

Bahasha yangu imerudi na nimeiona. Mtu ukimsomesha siku hizi anakusomea sheria.

Majibu yako haya. Kifua: ndiyo. Mwaka jana alilazwa mara mbili, jumla siku kumi na saba, na hata sasa akikimbia kidogo anapiga mluzi kifuani. Usingizi: nilikaa kando ya kitanda chake alasiri tatu mfululizo. Akilala, mikono hutulia kabisa. Akitazamwa: nilichukua daftari nikahesabu. Jumatatu alianguka mara nne. Jumanne mara saba. Jumatano walikuja wageni wakakaa wanamkodolea macho, akaanguka mara kumi na mbili na maziwa yakaishia kwenye gauni la mgeni.

Swali la nne halihusiki.

Sasa nami nina langu. Uliuliza vitu vitatu na vyote vitatu ukavipata, ukiwa mbali hivyo. Mtu hapigi shabaha mara tatu gizani. Nani anakuandikia kutoka nyumba hii? Jana nimemwona mkwe akitoka posta. Nilipomuuliza alisema alikwenda kununua stempu za kumwandikia mama yake, ambaye anakaa mwendo wa saa moja kutoka hapa.

Fundi wa mashine nimemwachisha kazi. Sikumwambia sababu. Aliniuliza kosa lake nini, nikamwambia ajiulize mwenyewe.

Mama Futi


9 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Huku nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu. Jirani anafundisha filimbi na hakuna mwanafunzi wake anayejua. Nimeanza kula vizuri mkahawani, ili nitoke nyumbani mapema.

Hakuna aliyekuwa ameniandikia. Maswali yale matatu yanatoka kwenye kazi, ngoja nikueleze.

Chukua kabati lako la pateni unazokatia nguo. Lina kila kitu: sare za wauguzi, makoti ya walinzi, aproni za wapishi. Sasa tuseme una matawi elfu, na kila tawi lina kabati lilelile, bila kupungua hata kola. Tawi la wauguzi linajuaje lisishone makoti ya walinzi? Kabati halitalisaidia, maana yote yamo. Linajua kwa sababu ya wasimamizi waliomo. Msimamizi anapita kwenye droo akitafuta alama anayoijua, akiiona anasimama hapo na kumwita mnakili: toa nakala ya hii. Pateni yenyewe haitoki kabatini. Inatoka nakala ya karatasi, inakwenda kwa washonaji. Droo isiyo na msimamizi inabaki imefungwa, ingawa pateni imo.

Mwili ndivyo ulivyo. Kila seli imebeba kabati zima, pateni kama elfu ishirini, na kila pateni ni mbilimbili, ya baba na ya mama. Hizo ndizo jeni. Wasimamizi ni protini zinazokaa mlangoni mwa jeni na kuamua inakiliwe au isinakiliwe, na kwa wingi gani. Kwenye tezi ya shingo wapo wachache wakubwa, na wanafanya kazi kwa kushikana mikono. Mmoja peke yake hafanyi la maana. Wakikutana wanafungua droo za lazima. Moja ni ya pampu inayovuta madini joto kutoka kwenye damu. Nyingine ni ya protini kubwa ambayo homoni hujengwa juu yake. Nyingine ni ya fundi anayepachika madini joto kwenye hiyo protini. Droo hizo zisipofunguliwa vizuri, tezi ipo shingoni lakini homoni haitoshi.

Na hapa ndipo shingo na miguu vinapojuana. Mmoja wa wasimamizi hao ana ajira tatu. Tangu mtoto akiwa tumboni, huyohuyo anasimamia tezi, anasimamia mapafu, na anasimamia sehemu ya ubongo inayotuliza mwendo. Akipungua, sehemu zote tatu zinayumba. Ndiyo sababu nilikuuliza kifua.

Hali hii hurithiwa. Inaweza kupita kwa mtu bila yeye kujua, au akijua kidogo na kuificha sana.

Nilikaa kwako likizo saba nikiwa mtoto. Hukuwahi kunimiminia chai. Aliyemimina ni Vikombe, akamwaga, ukamgombeza ukiwa umekalia viganja vyako. Nilidhani ni heshima ya ukubwa. Barua zako zote zimechapwa kwa mashine, hata ile ya msiba wa baba. Naye baba aliwahi kuniambia jina walilokuwa wakikuita utotoni. Silitaji.

Mkuu wangu amekubali familia yenu iingie kwenye utafiti. Tunahitaji damu ya watu wanne: mtoto chupa namba moja, baba yake namba mbili, mama yake namba tatu, wewe namba nne. Zahanati yenu itatoa damu, kila mtu atie sahihi mwenyewe. Fomu inasema wazi kwamba kipimo kitaonyesha pia nani ni ndugu wa nani. Kwa hiyo lile swali lako litajibiwa mchana kweupe.

Mtoto wa kaka yako


2 Mei

Profesa,

Salamu. Mashine tano zimekufa. Fundi mpya ni mtanashati na hana mtetemo hata kidogo, ila mashine hazimsikii.

Barua yako nimeielewa. Nimeendesha karakana maisha yangu yote, usidhani umenipoteza. Ila hesabu yako ina tundu. Unasema kila mtu anapewa vitu viwiliviwili, cha baba na cha mama. Basi ikiharibika pateni moja ya huyo msimamizi, nyingine si ipo? Mimi nina wasimamizi wawili, mmoja akiugua kazi inaendelea. Nusu inatosha. Nieleze kwa nini nusu isitoshe.

Kuhusu mikono yangu, kwa kuwa umeng'ang'ania kama kupe. Nilianguka. Nilikuwa na miaka mitatu, nikaanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala la baba, na tangu hapo mkono haukutulia. Kila mtu kwetu anajua nilianguka. Nilifukuzwa kwenye meza ya kukatia nikiwa na miaka kumi na tisa, wakasema nakunywa, mimi ambaye hata leo sijui ladha yake. Ndipo nikajifunza kupima na kuhesabu, kazi ambazo mkasi anashika mwingine. Mtu aliyeanguka hamrithishi mjukuu kuanguka kwake.

Jambo jingine. Wiki iliyopita ilikuja bahasha ya kaki, ina muhuri wa maabara yenu, imeandikwa jina la mkwe. Yangu ilikuja siku mbili baadaye. Alisema ni fomu. Mbona yeye wa kwanza?

Hata hivyo tumekwenda zahanati wote wanne, tumetia sahihi, tumetoa damu. Muuguzi alibandika namba. Boksi nimelifunga mwenyewe na kulipeleka mwenyewe, sikumpa mtu alishike. Ninangoja nione uaminifu wenu.

Mama Futi


20 Juni

Profesa,

Hatujambo, isipokuwa tumepungua.

Wiki saba na neno hamna. Uliandika kipande cha karatasi kwamba boksi limefika, basi. Kipimo gani kinachukua wiki saba? Mimi kwa wiki saba naivisha sare jeshi.

Mkwe ameondoka. Alikuwa anapanga stoo akaliona daftari langu, lile la kuhesabu mtoto anavyoanguka. Angeishia hapo pengine ningemweleza. Alifunua kurasa za nyuma, akakuta hesabu ya mashine ya vifungo, na tarehe ya ndoa, na tarehe ya kuzaliwa mtoto, na hesabu yake ya kutoa. Anajua kusoma hesabu, nilimfundisha mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alikuja mezani tukiwa tunakula mchana, akaliweka daftari karibu na sahani yangu, akasema, "Mama, umenipima miaka minne. Nipe basi vipimo vyangu niondoke navyo." Akamfunga Bwana Mdogo mgongoni, akachukua vidonge vyake na begi moja. Yupo kwa mama yake. Vikombe amewafuata, na mimi hanisemeshi. Karakanani bado anakuja, anapiga pasi, anaondoka.

Asiye na hatia angekaa ajitetee. Ndivyo ninavyoona mimi.

Leteni majibu.

Mama Futi


28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za jirani wala filimbi.

Wiki hizi zote hatukuwa tumelala. Tulipima mara moja, majibu yakakataa kukaa sawa. Mkuu akasema nimechanganya chupa. Tukapima tena kutoka mwanzo, yeye mwenyewe akiwa kando yangu. Yakaja yaleyale. Ninachokuambia leo sikisemi kama maabara, nakisema kama mtoto wa kaka yako, kwa kuwa mama na mtoto wako nje ya nyumba yao. Fomu mlizotia sahihi zinaruhusu kila mmoja aambiwe.

Chupa namba moja, ya mtoto: pateni ya yule msimamizi mwenye ajira tatu ina kasoro, herufi moja imebadilika. Chupa namba mbili, ya Vikombe: kasoro ileile, mahali palepale. Chupa namba tatu, iliyoandikwa mama wa mtoto: kasoro ileile. Chupa namba nne, iliyoandikwa bibi: safi.

Wewe unajua namba. Kasoro hii ni adimu mno. Mume na mke wasio ndugu kuwa nayo wote wawili, herufi ileile? Kwa hiyo tukatazama udugu, kama fomu ilivyosema. Mwenye damu ya chupa namba tatu amemzaa Vikombe. Mwenye damu ya chupa namba nne amemzaa Bwana Mdogo. Naye Vikombe ni baba yake mtoto. Hapo katikati hakuna nafasi ya fundi wa mashine, hata ya kupitisha uzi.

Lebo za tatu na nne zimepishana. Zahanati wanasema walibandika sawa, wana kumbukumbu. Sisi tulipokea boksi likiwa limefungwa. Nimeandika kwenye daftari la maabara kwamba lebo zimepishana, sikuandika zaidi. Ila nimekujua miaka yangu yote, shangazi, na katika sare zote zilizotoka kwako sijasikia hata moja iliyobandikwa saizi isiyo yake.

Swali lako la nusu lilikuwa zuri, mkuu alilipenda. Pateni moja ikiharibika, wasimamizi wanaotengenezwa ni nusu. Zipo droo zinazofunguka hata kwa nusu. Nyingine ni kama kikao, zinataka akidi. Wasipofika wa kutosha mlangoni, hakuna kinachonakiliwa, au kinanakiliwa kidogo. Kwa nini mtu mmoja anaanguka mara kumi na mbili, mwingine anaishia kuvunja vikombe, na wa tatu anajifunza kukalia viganja vyake akajenga karakana, hilo bado hatujalijua vizuri. Tunajua kwamba kila mtoto wa mwenye kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Tunajua pia kwamba haiendelei kuwa mbaya kama magonjwa mengine. Wengi hutulia kadiri wanavyokua, na vidonge vya tezi vinasaidia sana vikinywewa kila siku. Nenda nawe wakupime homoni. Hilo sweta linanitia wasiwasi.

Ulisema ulianguka ndipo ukatetemeka. Mtoto wa miaka mitatu, kwenye ngazi. Je, haiwezekani ulitetemeka ndipo ukaanguka?

La mwisho ni gumu. Kwa sababu ya lebo, majibu haya hayawezi kuwa rasmi. Mkuu anataka damu mpya, yako na ya mkwe. Mkwe atauliza kwa nini achomwe sindano mara ya pili. Mtu itabidi amweleze, na mimi siko huko.

Mtoto wa kaka yako


30 Julai

Mwanangu,

Salamu. Uniwie radhi kwa mwandiko. Mashine ya kuchapa ni nzima, ila leo nimeamua kukuandikia kwa mkono. Ukurasa huu ni wa nne, tatu nimezitupa.

Nianze na wewe. Lebo nilizibadilisha mimi, kwenye meza ya chakula, kwa mvuke wa birika, kabla sijafunga boksi. Ndivyo ninavyowapima wauza vitambaa. Akija mpya nampelekea vipande viwili, nimebadilisha alama, naona kama atasema ukweli au atasema ninachotaka kusikia. Hii kazi ya miaka ishirini imenifukuzia wezi kumi na mmoja. Nilikuona umemtumia mkwe bahasha ya kwanza, nikasema hawa wamepatana, watanitumia karatasi safi yenye jina lake. Basi nikaliwekea jina lake damu yangu, nikiwa na hakika kwamba yangu ndiyo safi. Ukiniletea kwamba namba tatu ni mama wa mtoto, nimekunasa.

Mtego ulinasa. Nimekaa nao siku tisa.

Kumi na tisa niliowahesabu, kumbe sikujiweka. Tungekuwa ishirini. Na baba yangu, ambaye nilikuwa nikisema alikuwa mlevi, sijui tena alikuwa nini. Nilimwona akishika glasi kwa mikono miwili, nikahukumu.

Nilikwenda kwa mama yake mkwe Jumamosi asubuhi. Vyumba viwili, ukumbi mdogo, meza ina kitambaa cha plastiki chenye maua. Walikuwepo wote: mkwe, mama yake, Vikombe, Bwana Mdogo sakafuni na masufuria. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema niliyoyafanya, moja baada ya jingine, kuanzia mswaki mpaka lebo. Nikamwambia nahitaji damu yake tena na ana haki ya kuninyima. Nikamwambia tarehe zile nilizitoa vibaya, nilisahau kwamba mtoto alizaliwa kabla ya wakati na mimi mwenyewe nilishona ile nguo yake ndogo, saizi ambayo hata lebo haina.

Mama yake akasema haya, mgeni amesema, tumpe chai. Mkwe akanyanyuka akaleta birika na vikombe vitano, akaviweka mbele yangu. Nikasubiri amimine. Akakaa.

"Sitaki pole, mama," akasema. "Tumiminie."

Vikombe alitaka kushika birika, akamtazama mkewe, akarudisha mkono.

Unajua huzidi ukitazamwa. Macho sita, na ya mtoto manane. Nilisimama, nikashika birika kwa mikono miwili, nikamimina. Kama nilimwaga birika zima au robo tatu yake sina uhakika, kitambaa kile cha plastiki kilisaidia maji yasisimame, yote yalinijia mimi. Vikombe vilijaa viwili, cha tatu kilipata nusu. Hakuna aliyecheka. Vikombe alikuwa ananitazama mikono kama mtu aliyeona saini yake kwenye barua ya mwingine. Nimemgombeza mtoto yule miaka thelathini na moja.

Damu imetolewa tena Jumatatu, muuguzi amebandika, amefunga, ametuma mwenyewe. Sikugusa hata kamba. Amenipima na homoni, ziko chini, nimeanza kidonge kimoja kila asubuhi pamoja na Bwana Mdogo, tunashindana nani atameza kwanza. Fundi wa mashine nilimfuata kwake nikamwomba arudi. Aliniuliza kosa lake lilikuwa nini. Nikamwambia la kwangu. Amerudi, mashine zimefufuka, Jumatatu zake ni zilezile. Mkwe hajarudi. Amesema atarudi akiwa tayari, na nisimpangie tarehe. Sijampangia.

Ninachotaka ujue ni hiki. Chai ilipokuwa inatiririka kutoka mezani, Bwana Mdogo aliacha masufuria. Kwetu akimwaga kitu huwa anatumwa kitambaa, ndiyo adabu niliyomwekea mimi. Hakutumwa na mtu. Alikwenda mpaka jikoni kwa miguu yake ile, akaja na kitambaa, akakiweka magotini pangu, akaanza kunifuta.

Alianguka njiani, kwenda na kurudi. Mara ngapi, sikuhesabu.

Shangazi yako,
Mwagamaji